Iskandari Hakufika Nyika

Katika Msambweni ya miaka ile ya hamsini, mtu aliweza kusahau jina la mudiri wa serikali, lakini hakusahau Nyumba ya Iskandari. Ilikuwa nyumba ya mawe, mlango wake wa nakshi, na juu ya mlango babu yao mmoja aliyependa kujiita Iskandari alichongesha maneno kwa herufi za Kiarabu: Iskandari akipita, dunia humpisha. Kama babu huyo aliwahi kupishwa na dunia, hakuna ajuaye. Lakini watu wa nyumba ile waliamini hivyo, na mtu akishikilia jambo kutwa kucha, mwishowe hata majirani humpisha njia.

Aliyeamini kupita wote hakuzaliwa humo, aliolewa humo. Huyo ni Bi Mwanapili. Alikuwa na neno la Iskandari kwa kila jambo la dunia. Muuza samaki akimletea changu aliyelala, alimwambia, "Iskandari hakula samaki wa jana." Akialikwa mahali akakuta wali umepungukiwa nazi, alisema, "Iskandari aliteka mpaka Hindi, lakini wali mkavu ungemrudisha kwao." Watu walicheka, na jioni maneno yake yalikuwa yamekwisha kufika sokoni. Mfalme yule wa kale, aliyetoka Uyunani akateka nchi baada ya nchi na kufa hajatimiza miaka thelathini na mitatu, kwa Bi Mwanapili alikuwa kama mjomba wake.

Kache hakuwa na mjomba wa namna hiyo. Yeye alitoka Ndavaya, bara kavu, kwa wafuga mbuzi, akaolewa Msambweni na mkulima wa minazi aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alimtia mkononi kazi ya kusuka ukindu, na mwanafunzi akampita mwalimu. Mikeka ya maandishi aliyoisuka Kache ilitandikwa Shimoni, ilitandikwa Vanga, ilivuka maji mpaka Wasini. Kwa miaka ishirini na sita hakuna binti wa maana aliyeolewa upande ule bila mkeka wake. Na kwa miaka hiyo hiyo ishirini na sita watu walimwita Mnyika, mtu wa porini. Mkeka ulikuwa wa Msambweni, aliyeusuka alikuwa Mnyika. Aliitika, kwa sababu mtu asipoitika huuza mikeka michache, lakini hakulizoea jina lile.

Basi Chande, mwana wa Bi Mwanapili, akampenda Chiku. Chiku alikuwa binti wa Kahindi, kaka yake Kache. Ukame ulipoua mbuzi, Kahindi alimleta mtoto kwa dada yake akiwa na miaka saba, na Kache, ambaye hakujaliwa kuzaa, alimlea, akamsomesha chuo cha Kurani kwa Mwalimu Boga na shuleni mpaka darasa la nne. Ikaja siku ya posa, nyumbani kwa Kache. Wanaume, mume wa Bi Mwanapili akiwaongoza, walikaa barazani na sinia la tambuu, wanawake ndani. Bi Mwanapili aliketi juu ya mkeka wa Kache, mkeka mzuri kuliko yote mle ndani, akaupapasa ukingo wake kidogo kabla hajatulia. Jibu likatolewa kwa niaba ya Kahindi, posa ikapokelewa, na mambo yangekwisha kwa heri kama mwanamke mmoja hangemwuliza Bi Mwanapili kama haogopi kuchukua mke kutoka mbali vile.

"Mwenzangu," alisema Bi Mwanapili, "Iskandari aliteka dunia nzima, lakini Nyika hakufika. Hakuona cha kutwaa."

Ulimi hauna mfupa. Wanawake walicheka, wengine kwa haya, wengine kwa mioyo yao yote. Chiku, aliyekuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa, alisikia kila neno. Kache alimwona kwenye upenyo wa pazia, ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua, na hapo hasira ikampanda mpaka masikioni. Lakini hakuinua sauti.

"Tumesikia, mamake Chande," alisema. "Jibu litakuja na mkeka."

Vicheko vikakatika, kwa kuwa kila mmoja pale alielewa. Huku kwetu neno la harusi hujibiwa harusini, na mkeka ndio hufunga maneno. Siku ya kupeleka vyombo vya bibi harusi, mkeka wake hutandikwa mbele ya wanawake wote, maandishi yakasomwa kwa sauti, na baada ya hapo hakuna tena wa kujibu. Kache akikosa jibu, neno la Bi Mwanapili ndilo litakalobaki. Chiku ataingia nyumba ile akiwa kitu ambacho Iskandari hakukiona kuwa kitu, na kila chungu atakachounguza kitaitwa Unyika. Siku ya tatu habari zilikwisha fika Ndavaya, na Kahindi akatuma salamu fupi: nampenda mwanangu, lakini sitashuka pwani kuja kuchekwa. Dada yangu akipata jibu, nitakuja.

Zilibaki siku arubaini kabla ya siku ya vyombo. Kache alikuwa na ukindu, alikuwa na rangi, alikuwa na vidole. Hakuwa na neno. Angeweza kutunga tusi, na matusi mazuri alikuwa nayo ya kujaza mikeka mitatu, lakini neno la Iskandari halijibiwi kwa tusi. Hujibiwa kwa Iskandari.

Alianza kwa Mwalimu Boga, akamkuta anafunga vitabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bi Kache. Chiku hajambo?"

"Hajambo. Nataka neno juu ya Iskandari."

Mwalimu Boga alivua miwani. Alieleza kwanza kwamba wako wanaosema Iskandari ndiye Dhulkarneni wa Kurani aliyejenga ukuta wa chuma, na wako wanaokataa, na Mungu ndiye ajuaye. Halafu akasema, "Lakini wazee wamesimulia kuwa alipokuwa akifa aliusia hivi: mnizike mikono yangu ikiwa nje, watu wote waone kwamba niliyeshika dunia naondoka bila kushika kitu."

Kache aliliona ni neno zito, akamshukuru kwa moyo. Lakini njiani alitikisa kichwa. Neno la kaburini halitandikwi chumbani kwa bibi harusi. Angetandika lile, kila mimba ambayo ingeharibika nyumba ile angelaumiwa yeye.

Akamwuliza Thoya, mchuuzi wa samaki aliyekuja na baiskeli kutoka Shimoni. Thoya naye alikuwa na la kwake. Mabaharia walimwambia Iskandari alijifungia ndani ya chupa kubwa, akashushwa mpaka sakafu ya bahari, akaona samaki mkubwa anammeza mdogo, akasema, "Kumbe huku nilikwisha fika." Kache alicheka sana, akanunua vipande viwili vya papa, na hakupata jibu.

Siku zikapita. Ikawa siku moja anachana ukindu kwa pupa, maana mawazo yalikuwa mbali, ukamkata kidole gumba na kidole kikavimba. Alikwenda hospitali. Muuguzi aliyemfunga alikuwa Hannah, Mkristo, mtu wa bara kama yeye, aliyesoma misheni. Kwa kuwa mtu mwenye donda husema chochote kilicho moyoni, Kache alimsimulia yote tangu posa.

Hannah aliendelea kuzungusha bandeji. "Huyo Iskandari nilimsoma, dada. Mwalimu wetu alitupa na mtihani."

"Kwa hiyo Nyika hakufika?"

"Nyika yetu hakufika. Lakini bara alifika. Miji ya pwani aliipiga mmoja mmoja. Kuna mmoja uliokuwa kisiwani, alijaza mawe baharini miezi saba mpaka akaufikia kwa miguu. Halafu akaingia ndani, nchi ya milima, watu wenye mifugo, ngome yao juu ya jabali. Mkuu wao mmoja alikuwa na binti, jina lake Roksana. Iskandari angeweza kumchukua kama alivyochukua vingine vyote."

"Akamchukua."

"Hakumchukua. Kitabu kilisema aliweka upanga kando, akamwoa kwa mila za wale watu, mbele ya babake. Majemadari wake walinung'unika sana. Mfalme mzima, wakasema, anaoa mtu wa bara."

Kache alirudia polepole, "Anaoa mtu wa bara." Kisha akacheka, kicheko kilichotoka tumboni, mpaka wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakadhani dawa imempanda kichwani. Alirudi nyumbani na kidole kilichofungwa na neno zima mdomoni, kana kwamba ameramba asali.

Mkeka wa maandishi hausukwi kama mkeka wa kulalia. Kila mstari wa maneno husukwa katika ukili wake, ule utepe mrefu wa ukindu, herufi moja baada ya nyingine kwa hesabu ya vidole, na kili zote zikiisha ndipo zinaposhonwa ubavu kwa ubavu. Kache alizijua herufi kwa mikono kabla hajazijua kwa macho. Alisuka ukili wa kwanza, ISKANDARI. Alisuka wa pili, PWANI ALITEKA. Alisuka wa tatu, BARA ALIPOSA. Akachovya nyekundu, akachovya nyeusi, akasuka kili za maua kuzunguka, akashona. Alipokata uzi wa mwisho alisimama mlangoni akautazama mkeka mzima, na hakuona haya kujisifu. Pwani aliteka, bara aliposa. Kimya cha miaka ishirini na sita kilikuwa na mshindo, na mshindo wenyewe ndio ule sakafuni.

Alimwita Chiku aje asome. Chiku alisoma mara moja, akasoma tena. Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka.

"Ni zuri, shangazi."

"Lakini?"

"Lakini wewe utalisema siku moja, kisha utarudi nyumbani kwako. Mimi nitabaki nalo chumbani. Mamake Chande ataliona kila akiingia, na kila akiingia atakuwa mtu aliyetekwa. Mtu aliyetekwa hasahau, shangazi."

"Alikutukana mbele ya watu."

"Alinitukana."

"Mimi nimeitwa Mnyika miaka ishirini na sita."

"Najua," alisema Chiku kwa upole. "Na mimi ndiye nitakayeitwa hamsini ijayo."

Kache alikasirika. Alimwambia mtoto yule maneno ambayo baadaye aliyajutia, kwamba asiye na uti wa mgongo asiolewe nyumba yenye mlango wa nakshi. Chiku alichukua ndoo akaenda kisimani, na Kache akabaki na mkeka wake, akauona ukiwa mzuri vile vile, ila sasa hakuweza kuutazama kwa muda mrefu.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, aliukunjua tena, mlango wazi, mwanga ukiingia. Alijiuliza anataka nini hasa. Kumwona Bi Mwanapili ameinamisha kichwa, alilitaka hilo, na hakujidanganya. Lakini alimkumbuka Iskandari wa Hannah, aliyekuwa na jeshi lote lile nyuma yake, akaweka upanga kando kwa ajili ya mlango mmoja. Na Bi Mwanapili si yeye mwenyewe anayejiita mtu wa nyumba ya Iskandari? Basi na aitwe. Mumewe alikuja hapa na sinia la tambuu, akavua viatu pale kizingitini, akaomba. Kwa nini kumwita mateka, na ukweli una nguvu zaidi akiitwa mfalme?

Kidole kilichofungwa kiligusa neno PWANI, kikahesabu herufi zake kwa mazoea. Tano. Akahesabu neno jingine kichwani. Tano. Alijikuta anasema peke yake, "Alhamdulillahi," na akaanza kufumua uzi.

Kufumua mkeka ulioshonwa ni kazi inayouma kuliko kuushona. Alitoa ukili wa pili, akasuka mwingine wa urefu ule ule. Rangi ndiyo iliyomsumbua. Nyekundu ya kwanza ilikuwa imekwisha, na ya dukani iliyokuja ilikuwa nyekundu zaidi. Alichemsha mara tatu, akaongeza maji, akakausha kivulini. Haikulingana. Mtu wa kawaida asingeona, lakini aliyewahi kusuka angeona palepale kwamba ukili mmoja ulizaliwa baada ya wenzake. Kache, ambaye hajawahi kuuza mkeka wenye kasoro, aliushona hivyo hivyo. Kisha akatuma salamu Ndavaya: njoo, jibu liko.

Siku ya vyombo ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Wanawake walitoka kwa Kache na vyungu, masanduku na mito vichwani, mbele wapiga vugo wakigonga pembe zao za nyati, na Kache katikati, mkeka umekunjwa ndani ya leso mpya. Kahindi alikuja na ndugu wanne na mbuzi sita weupe. Alitembea kando ya barabara, mkubwa wa mwili, kimya, kama mtu anayekwenda kusikia hukumu. Walipofika Nyumba ya Iskandari yeye alibaki uani na mbuzi wake, akakataa kiti.

Ndani watu walijaa mpaka madirishani. Bi Mwanapili alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, leso yake imepigwa pasi, uso wake haukusema lolote. Vyungu vikahesabiwa, mito ikasifiwa. Kisha Kache akapiga magoti, akafungua leso, akautandika mkeka kwa mkono mmoja, ukajikunjua mpaka miguuni pa Bi Mwanapili. Mwanasha, binti wa nyumba ile, dada yake Chande, ndiye aliyepewa kusoma, kwa kuwa alijua herufi za shule. Aliinama, akasoma polepole, kila ukili na neno lake.

"Iskandari. Dunia aliteka. Bara aliposa."

Hakuna aliyecheka. Maneno yalihitaji kushuka. Kache akaogopa kwa mara ya kwanza kwamba huenda amelainisha mno, huenda makali ya jibu yameisha. Hapo bibi mmoja mzee pembeni akasema, kama anayejisemea, "Naam. Si walikuja kuposa." Na kigelegele kikapasuka, cha kwanza, cha pili, kikatoka dirishani mpaka uani. Wanawake wa upande wa Kache walipiga, wa upande wa Bi Mwanapili nao wakapiga, maana neno lile liliwafanya wao wafalme, na mtu akifanywa mfalme hakatai.

Bi Mwanapili hakupiga kigelegele. Alishuka kitini, akavua viatu, akachuchumaa kwenye ukingo wa mkeka. Kwao Vanga walikuwa wasukaji, jambo ambalo Kache hakulijua mpaka alipoona mkono ule ukipita juu ya ukindu na kusimama mahali hasa. Kidole cha Bi Mwanapili kilikuwa juu ya ukili wa pili, juu ya nyekundu iliyozidi.

"Huu ni mpya," alisema kwa sauti ya chini, katikati ya kelele.

"Ni mpya," alijibu Kache.

"Palikuwa na neno gani hapa?"

Kache angeweza kusema hapakuwa na neno. Lakini msukaji hamdanganyi msukaji. Alimsogelea, akamnong'oneza sikioni: "Pwani."

Uso wa Bi Mwanapili ulibaki mtulivu kama ilivyompasa mke wa nyumba ile, ila mabega yalianza kutikisika, na ilimchukua Kache muda kuelewa kwamba mama yule alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Ungeniua," alisema.

"Ningekuua."

"Aliyekuzuia ni nani?"

"Mkweo."

Bi Mwanapili alimtazama Chiku, aliyekuwa amekaa pembeni amefunikwa buibui, akamtazama kwa kitambo kirefu kuliko alivyowahi kumtazama. Kisha akainuka, na chumba kikanyamaza, maana alikuwa mtu wa kunyamaziwa.

"Siku ile ya posa nilisema Iskandari hakufika Nyika," alisema. "Hadithi ile niliisikia nusu. Leo mmeisikia yote. Iskandari dunia aliteka, bara aliposa. Hili ndilo neno la nyumba hii."

Mtu na tabia yake. Kazi ya siku arubaini, kidole kilichovimba na usingizi wa Kache, Bi Mwanapili alivichukua kwa pumzi moja akavifanya mali ya nyumba yake. Kache alitaka kukasirika, akaona hasira haiji. Neno likiwa la nyumba ile, nani tena ndani ya nyumba ile atamwita Chiku Mnyika?

Na Bi Mwanapili hakuishia hapo. Alipita katikati ya wanawake, akatoka nje bila viatu, viatu vyake vimebaki kando ya mkeka, akaenda moja kwa moja mpaka uani alipokuwa Kahindi amesimama na mbuzi wake sita. Wanaume waliokaa barazani waligeuka. Kache alimfuata mpaka mlangoni.

"Mkwe," alisema Bi Mwanapili, sauti yake ikisikika barabarani, "sisi ndio tuliokuja kwako kuomba. Anayeombwa hasimami juani. Karibu barazani."

Kahindi alimtafuta dada yake kwa macho, naye Kache akaitikia kwa kichwa, mara moja tu. Ndipo Kahindi akampa ndugu yake kamba za mbuzi, akajikung'uta vumbi la Ndavaya, na akapanda ngazi za Nyumba ya Iskandari kichwa juu. Wanaume wote waliokuwa barazani walisimama, wakampisha.